Jirani anajenga, nyumba yangu inapasuka: maswali ambayo wakazi wa Nairobi huuliza mara kwa mara

Nairobi inajengwa kwenda juu na kwenda chini. Kule Kilimani, Kileleshwa na Lavington bangaloo za zamani zinavunjwa na mahali pake panachimbwa shimo la maegesho kabla ghorofa hazijaanza kupanda. Kule Kasarani, Pipeline na Utawala, ploti ndogo zinajengwa ukuta kwa ukuta. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyetangulia kukaa pale, na mara nyingi hana mtu wa kumweleza aanzie wapi. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yake. Utaona jambo moja likijirudia: anayeweza kuonyesha nyumba yake ilikuwaje kabla ya shimo kuchimbwa ndiye anayesikilizwa.

Jirani amezungusha mabati kwenye ploti, lakini kazi haijaanza. Nina haja ya kufanya lolote?

Ndiyo, tena wiki hii ina thamani kuliko wiki zote zitakazofuata. Kuta zikishapasuka, mwenye mradi atakuuliza, wakili wake atakuuliza, na hakimu naye atakuuliza: huo ufa haukuwepo tangu zamani?

Chukua simu upige video chumba kwa chumba. Anzia langoni na utaje tarehe kwa sauti. Usiruke pembe za madirisha na milango, mahali dari inapokutana na ukuta, sakafu ya bafu, ukuta wa mpaka, sehemu ya msingi inayoonekana nje, na mifuniko ya majitaka. Nyufa ndogo ulizonazo tayari, zipige pia. Ukionyesha za zamani waziwazi, utaaminika utakapodai mpya. Kando ya kila ufa weka rula au sarafu ya shilingi kumi ili upana wake uonekane. Kisha jitumie picha zote kwa barua pepe siku hiyohiyo, tarehe ibaki mahali ambapo hata simu ikiibiwa haitapotea.

Soma ubao wa mradi ulio langoni mwao na uupige picha: jina la mwenye mradi, mkandarasi, msanifu, mhandisi, na namba za vibali. Ikiwa hakuna ubao, hiyo peke yake ni sababu ya kuuliza kaunti.

Halafu kuna fomu za maoni. Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na wataalamu wanaoifanya hutuma vijana langoni kukusanya maoni ya majirani. Usiwafukuze, na usitie sahihi kwenye fomu tupu. Andika wasiwasi wako kwa maneno yako: shimo litakuwa na kina gani, litakuwa umbali gani kutoka msingi wako, ardhi itazuiliwa kwa nini isiporomoke, maji ya mvua yatapelekwa wapi. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha. Watu wengi huandika "sina pingamizi" ili kijana aende zake, kisha mwaka mmoja baadaye karatasi hiyo inatolewa mezani kama ridhaa yao.

Ukiweza, mwombe mwenye mradi amlete mhandisi wake akague nyumba yako kabla ya kuchimba, na nyote wawili mtie sahihi kwenye ripoti. Mkandarasi makini hatakataa, kwa sababu ripoti hiyo inamkinga yeye pia dhidi ya madai ya uongo.

Nimeona ufa. Nitajuaje kama umeletwa na jirani au ni nyumba yangu tu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ni haki uliangalie kwa uaminifu kabla ya kumlaumu mtu.

Anza na udongo. Embakasi, South C na sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa jiji zimekaa juu ya udongo mweusi unaonata. Udongo huo hufura unaponyeshewa na kusinyaa unapokauka. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba huuinua, kiangazi kinaushusha, na nyumba yenye msingi mfupi hupasuka bila jirani yeyote kugusa sepetu. Upande wa magharibi, Kilimani hadi Karen, ardhi ni nyekundu juu na mwamba chini. Kule madhara hutoka zaidi kwenye mashine za kuvunja mawe, baruti, na mashimo marefu.

Shimo linaumiza nyumba ya pembeni kwa njia tatu. Kwanza, udongo ulio chini ya msingi wako ulikuwa umeegemea udongo wa jirani, na ukiondolewa bila kuweka kizuizi, wako unasogea kuelekea shimoni. Pili, wakivuta maji yaliyojaa shimoni kwa pampu siku nyingi mfululizo, maji ya ardhini yanashuka hata upande wako na udongo unakaa chini. Tatu ni mtetemo wa mashine. Kuna na ya nne ambayo husahaulika: maji. Slabu mpya isiyo na mifereji inamwaga mvua yote kwenye msingi wako, na msimu mmoja tu unatosha kuulegeza.

Sasa angalia ufa wenyewe. Uko upande unaoelekea mjengo, au uko upande wa pili wa nyumba? Unapanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unafuata saruji kati ya mawe kama ngazi? Hiyo ni dalili kwamba msingi umesogea. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotapakaa ukutani bila mpangilio, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Je, unaonekana ndani na nje mahali palepale? Ulitokea lini ukilinganisha na siku eskaveta ilipoingia?

Upana nao unasema kitu. Ufa usiofika milimita 1 kwa kawaida ni suala la rangi. Ukifika milimita 5, milango na madirisha huanza kukwama. Ukipita milimita 15, sehemu ya ukuta huenda ikahitaji kubomolewa na kujengwa upya.

Baada ya hapo mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na umwombe ripoti inayojibu swali la chanzo, siyo orodha ya nyufa peke yake. Fundi wa mtaani anaweza kuwa amejenga miaka thelathini na akawa sahihi kabisa, lakini mbele ya hakimu ripoti ya mhandisi ndiyo itakayobeba uzito. Ni gharama, najua. Majirani watatu au wanne walioathirika wanaweza kuchanga na kumlipa mmoja.

Nifanye nini wakati nasubiri mhandisi?

Pima kama ufa unaendelea. Chukua ukuta wa jikoni, kwa mfano, ufa umetoka pembe ya juu ya dirisha unaelekea dari. Chora mstari mfupi wa penseli kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe kando yake. Katikati, gundisha kipande chembamba cha kioo kwa plasta ya gipsamu, kishike pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea. Ncha ikivuka mstari wako, chora mwingine na tarehe mpya. Baada ya wiki chache, ukuta wenyewe utakuwa umejiandikia historia yake, na hakuna wakili anayeweza kubishana nayo kirahisi.

Weka daftari pia. Siku ya baruti, siku ya mvua kubwa, siku mlango wa choo ulipoanza kukataa kufunga, maneno uliyoambiwa na msimamizi. Sentensi moja kwa siku inatosha.

Nianze na jirani au nikimbilie ofisi?

Anza na jirani, ila iwe kwa maandishi. Zungumza naye kwa heshima, hata kahawa mnywe, kisha usiku huohuo mtumie ujumbe unaorudia mliyozungumza. Maongezi ya langoni hayana mashahidi. Ujumbe wenyewe uwe mfupi:

"Habari ya jioni Bwana. Asante kwa kunipa muda leo. Kama nilivyokuonyesha, tangu uchimbaji uanze nyumba yangu imepata nyufa jikoni na chumba cha watoto, upande unaoelekea ploti yako. Picha za kabla na za sasa nimeziambatisha. Naomba mambo matatu: mhandisi wako aje azione ndani ya siku saba, uchimbaji wa upande huo usimame hadi atakaposema ni salama, na unitumie nakala ya bima ya mkandarasi. Natumaini tutalimaliza hili kama majirani."

Usimtukane na usimtishie. Ujumbe huo huenda ukasomwa mahakamani.

Ikiwa mwenye mradi ni kampuni na humpati, taarifa za wakurugenzi wake unaweza kuziomba kupitia eCitizen. Jina la mwenye ardhi linatafutwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa taarifa za ardhi mtandaoni. Chama cha wakazi au chifu wanaweza kuwaketisha pamoja, na sijaona ubaya wa kujaribu hilo mradi lisile muda ulio nao kisheria.

Msimamizi amesema: "Mama, hiyo ni plasta tu, fundi atakuja Jumamosi akupakie bure." Nikubali?

Usikubali bado. Kwa maoni yangu hapa ndipo wenye nyumba wengi hupoteza haki yao, na wanaipoteza kwa nia njema. Ardhi ikiwa bado inasogea, plasta itapasuka tena, na safari hii ushahidi wa mwanzo utakuwa umefunikwa. Fundi akishapaka, ule ufa wa ngazi uliokuwa unaonyesha msingi umesogea haupo tena. Mhandisi atakayekuja mwezi ujao ataona ukuta mpya wenye nywele mbili.

Mjibu hivi: asante, nitakubali ukarabati baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba kusogea kumekwisha, na ukarabati ufuate maelekezo yake. Kama nyumba inavuja na huwezi kusubiri, ziba kwa muda, lakini piga picha kila hatua na uache angalau sehemu moja ya ufa wazi.

Na ukiletewa karatasi ya kutia sahihi pamoja na bahasha, isome mara mbili. Maneno kama "malipo kamili na ya mwisho" yanamaanisha kwamba ukuta ukianguka mwaka ujao, ni wako. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha karatasi inataja kazi gani itafanywa, nani atasema imekamilika, na nini kitatokea nyufa zikirudi. Pesa za haraka zikija na karatasi ya haraka, mpe wakili aiangalie.

Nimesoma mtandaoni kwamba jirani lazima anipe notisi rasmi kabla ya kugusa ukuta wa pamoja. Ni kweli?

Hiyo ni sheria ya Uingereza na Wales ya 1996. Kenya haina sheria yake maalumu ya aina hiyo, kwa hiyo usiitaje kwenye barua yako. Hapa unasimama juu ya sheria ya kero na uzembe, sheria za mipango na ujenzi, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Nipeleke malalamiko ofisi gani?

Inategemea kosa lenyewe. Kupeleka barua moja kwa ofisi zote kwa wakati mmoja huishia kila ofisi kudhani nyingine inashughulikia.

Kama wasiwasi ni kibali cha ramani, idadi ya ghorofa, au umbali kutoka mpaka, nenda idara ya mipango ya Kaunti ya Nairobi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kila ujenzi uwe na ruhusa ya kaunti, na kaunti inaweza kutoa notisi ya kusimamisha kazi. Ikiwa unapinga ruhusa yenyewe, rufaa huenda kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Siku hizo huisha haraka mno.

Kama ni ubora wa kazi au mkandarasi asiyesajiliwa, ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wakaguzi wake wana uwezo wa kusimamisha mradi.

Kama ni vumbi, kelele, mtetemo, maji machafu, au masharti ya leseni ya mazingira, ni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Uamuzi wa NEMA kuhusu leseni hukatiwa rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Popote uendapo, beba nakala mbili za barua na urudi na moja iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, ofisi inaweza kusema haijawahi kukuona. Askari wa kanjo aliyekuambia kwa mdomo "tumelishughulikia" hajakupa kitu cha kuonyesha.

Jirani ana vibali vyote. Basi sina kesi?

Unayo. Kibali kinamruhusu kujenga, hakimruhusu kubomoa kwako.

Wanafanya kazi hadi usiku wa manane. Kuna kikomo?

Kanuni za kelele na mtetemo za 2009 zinaweka kikomo kwa maeneo ya ujenzi yaliyo kwenye makazi: desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku kisheria unaanza saa kumi na mbili jioni. Mtetemo nao hauruhusiwi kupita sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa ploti. Programu za simu za kupima kelele hazina usahihi wa kifaa cha mkaguzi, ila rekodi za siku kadhaa husaidia kumshawishi aje.

Ikishindikana kabisa, niende mahakama gani?

Angalia kiasi cha hasara. Kama madai hayazidi Sh1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kusikiliza kesi ya uharibifu wa mali. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021, huhitaji wakili, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa mtu mwenye jiko lililopasuka na makadirio ya matengenezo ya laki tatu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza.

Hasara ikiwa kubwa zaidi, kuna mahakama za mahakimu, ambako hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi Sh20,000,000. Mambo ya ardhi na mazingira yaliyo makubwa huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huko tafuta wakili.

Ukitaka amri ya kuzuia kazi isiendelee wakati kesi inasikilizwa, mahakama za Kenya bado hutumia vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uonyeshe una kesi yenye msingi, kwamba utapata madhara ambayo fidia ya pesa haiwezi kuyaponya, na ikiwa bado kuna shaka, mahakama ipime nani ataumia zaidi. Ndiyo maana unapaswa kwenda mapema. Mtu anayeomba kazi isimamishwe ikiwa bado iko kwenye msingi anasikilizwa tofauti na anayekuja ghorofa ya saba ikimwagwa zege.

Picha za simu zinakubalika?

Zinakubalika. Katika mahakama za kawaida ziambatanishe na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza nani alizipiga, kwa kifaa gani, na zilichapishwaje. Usizihariri, na usifute zile za mwanzo kwenye simu.

Nimshtaki nani: mwenye ploti au mkandarasi?

Kwa kawaida wote wawili, na mhandisi wao ikiwa kosa liko kwenye mchoro. Wataanza kusukumiana, mwenye ploti akisema "mimi nililipa kontrakta tu." Kazi yenye hatari kwa asili yake, kama kuchimba kando ya msingi wa mtu mwingine, haimpi mwenye ploti nafasi rahisi ya kunawa mikono.

Nadhani pia wamevuka mpaka.

Hilo ni suala tofauti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hairuhusu mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Mwite sarveya aliye na leseni athibitishe bikoni, yaani alama za mpaka, kisha uandikie msajili wa ardhi.

Nitajuaje kama nyumba si salama tena kulala?

Toka ukiona ufa unaokua kwa saa badala ya wiki, milango kadhaa inayokwama kwa siku moja, nguzo au bimu iliyopasuka, sakafu inayoinama, au ukisikia kuta zikilia usiku. Usisubiri barua. Toa watu, zima gesi na umeme, piga 999 au 112, na uwaite maafisa wa kaunti. Novemba 2024 jengo la ghorofa huko Kahawa West liliporomoka baada ya wakazi kuondolewa kwa sababu ya nyufa. Vyombo vilipotea, lakini watu walikuwa wametoka.

Andikisha pia tukio kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani namba ya kitabu chao cha matukio. Polisi hawatakulipia ukuta, maana kuharibu mali ni jinai pale tu ilipokusudiwa, lakini namba hiyo inathibitisha tarehe. Risiti za malazi na za kuhamisha vitu zitunze, ni sehemu ya madai.

Mimi ni mpangaji. Inanihusu?

Inakuhusu. Mwandikie mwenye nyumba mara moja, maana huenda anakaa mbali na hajui. Kwa vitu vyako vilivyoharibika na kero unayoishi nayo, unaweza kudai mwenyewe. Usiache tu kulipa kodi, kwa sababu jirani amekukosea, mwenye nyumba wako hajakukosea bado.

Bima italipa?

Soma mkataba wako, kwa sababu bima nyingi za nyumba zinaacha nje kusogea kwa ardhi isipokuwa ulilipia nyongeza. Bima ya mkandarasi mara nyingi ina sehemu inayolipa hasara ya watu wa nje ya mradi, ndiyo maana kwenye ujumbe wa kwanza tuliiomba nakala yake. Ijulishe kampuni yako ya bima mapema hata kama hutarajii kulipwa.

Nina muda gani wa kushtaki?

Madai ya uzembe na kero yana kikomo cha miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai. Mazungumzo na ahadi za jirani hazisimamishi saa hiyo, kwa hiyo ukikaribia mwaka wa tatu na bado mnaongea, fungua kesi kwanza, mazungumzo yaendelee ikiwa tayari imesajiliwa.